Kopo Lenye Kilima

Leo asubuhi, sokoni Kamina, muuzaji alijaza kopo la unga wa muhogo mpaka ukafanya kilima juu. Harufu yake, chachu kidogo, ikanirudisha kwenye shamba nilikokuwa nikimfuata mama kibaruani.

Vibarua walilipwa mahindi jioni, kila mmoja kopo kubwa moja. Kopo la mwanamume lilitoka na kilima. La mwanamke, mwenye shamba alilipitishia kijiti juu, punje zilizozidi zikarudi guniani.

"Mwanamuke anakula kwa bwana yake," alisema jioni moja, kwa upole kabisa.

Mama alimimina mahindi yake kwenye kitenge, tukaenda. Kesho yake, yeye na wenzake walipiga matuta ya muhogo makubwa kama kawaida, kisha wakayakata vichwa kwa majembe. Upande wa wanaume matuta yalisimama. Upande wetu shamba lilikuwa bapa kama meza. Mimi nilikimbia juu yake, udongo laini ukinitekenya nyayo.

"Bamama, matuta yenu iko chini juu ya nini?" mwenye shamba aliuliza.

"Tumepitisha kijiti, papa," mama alisema. "Miye nilizani ile njo kipimo ya bamama."

Wanaume walicheka, halafu wakamgeukia mwenye shamba.

Jioni ile kijiti hakikuonekana. Mama hakumimina mahindi yake kwenye kitenge kama siku zote. Aliomba kopo lenyewe, akalibeba kwa mikono miwili, tukatembea polepole mpaka nyumbani, kilima kisimwagike.