Ngoma Niliyoichomeka kwenye Kompyuta

Mpiga kinanda wetu alikuwa na kitufe anachokipenda kuliko sisi wote. Akikibonyeza, kinanda kinapiga ngoma chenyewe, bila kuchoka wala kuomba maji ya kunywa. Ndicho alichotaka kukiweka mahali pangu.

Bendi yetu ya Karatu ilikuwa ndogo: yeye, ambaye pia ndiye aliyekuwa kiongozi, mpiga gitaa, mwimbaji, na mimi niliyepiga ngoma tatu za ngozi kwa viganja. Tulipiga kwenye harusi na sendoff, na mara mojamoja kwa watalii hotelini. Hiyo ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu, simu za mkononi zilipoanza kulia mpaka kanisani. Kila tukimaliza kazi, kiongozi alinung'unika. Ngoma zangu hazisikiki. Nikiwekewa maikrofoni, spika zinapiga mluzi. Ukungu ukishuka, ngozi zinalegea, inabidi niombe moto wa kuzikausha huku wageni wakisubiri. Mwishowe akatamka wazi kwamba kinanda kitapiga ngoma, na mimi nisimame mbele nicheze, maana watu wanapenda kuona binti akikata kiuno.

Mimi nikate kiuno, kitufe kipige ngoma! Nilikasirika, na hasira yenyewe sijutii. Wazee wa kanisa walishawahi kuniambia ngoma si kazi ya msichana, nami nikaendelea kupiga mbele ya macho yao mpaka wakazoea. Kama sikuacha kwa ajili ya wazee, kitufe ni nani?

Kaka yangu alikuwa dereva wa watalii. Mgeni wake mmoja, mwanamuziki, alimwachia saundi kadi, kisanduku cha kuchomeka kwenye kompyuta ili ipokee sauti kutoka nje. Alimweleza pia habari za triga: unabandika kihisi kwenye ngozi ya ngoma, ukipiga kinatetemeka, mtetemo unapita kwenye waya hadi kwenye kisanduku, na kompyuta inatoa sauti ya ngoma unayoitaka. Maikrofoni haihitajiki, kwa hiyo hakuna mluzi. Ngozi ikilegea, haidhuru. Kaka aliponisimulia, nilimnyang'anya kile kisanduku kabla hajamaliza chai.

Triga za dukani sikujua zinauzwa wapi. Fundi redio wa sokoni alinifungulia saa mbovu za mezani, akatoa vile visahani vya shaba vinavyolia kengele, akavilehemu waya. Nikavibandika kwenye ngozi kwa gundi ya kuyeyusha. Mwanzoni nilikuwa nikipiga mara moja sauti inatoka mara mbili, tena imechelewa. Nilikaa jikoni kwa mama na kompyuta kuukuu ya kaka, nikipunguza hiki na kuongeza kile. Mama alisema nimechanganyikiwa. Siku ngoma zilipokubali, aliacha kupepeta maharage akaniambia nirudie.

Nilimtaka kiongozi anipe sherehe moja tu. Akakubali kwa sharti: nikikwama, anabonyeza kitufe, na kuanzia hapo nitakuwa mchezaji wa mbele. Nikamwambia sawa.

Sherehe yenyewe ilikuwa ya kipaimara, huko Mbulumbulu, kwa familia ya Kichagga iliyohamia na kulima ngano. Binti yao mkubwa aliolewa Malambo, kwa hiyo wakwe wa Kimasai walikuwepo, wazee na morani. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba. Nyuma ya turubai ndafu, yule mbuzi mzima wa sherehe, alikuwa anageuzwa juu ya makaa, na mimi, kama nilivyofanya miaka yote, nilizipeleka ngoma zangu pale zikapate moto. Hakuna aliyenituma. Mikono ilijipeleka yenyewe. Nilipozirudisha na kupiga, spika zilikaa kimya. Gundi ilikuwa imeyeyuka, na visahani vyangu vimebaki kwenye majani karibu na mbuzi.

Kiongozi alikuwa ameshanyoosha kidole. Alibonyeza kitufe akitabasamu. Na watu walicheza, sitadanganya. Mimi nilipiga magoti nikiokota visahani. Nikamwomba kaka, aliyekuwa ametuleta kwa gari lake, plasta kutoka kwenye sanduku la huduma ya kwanza, nikaanza kubandika upya.

Mshereheshaji akawaita wakwe watoe zawadi. Morani walikuja wakiimba kwa makoo yao, maana wimbo wao hauna ngoma, na kiongozi kwa furaha yake akaacha kinanda kiendelee. Wimbo ukivuta, kinanda kinakimbia. Wimbo ukikimbia, kinanda kiko palepale. Wakaanza kupishana, mpaka mzee wao akainua fimbo wote wakanyamaza.

"Zimeni hicho," alisema. "Hakitusikii."

Kinanda kikazimwa. Katika ukimya ule niligusa ngoma kubwa kuijaribu, na spika zikatoa mlio mzito uliotetemesha turubai. Mzee akageuka kunitazama.

"Mimi nasikia, mzee," nilimwambia. "Nikiruhusiwa, nitawafuata."

Alifikiri kidogo. "Fuata miguu. Usitangulie."

Wakaanza tena, wakiruka mmoja baada ya mwingine. Sikupiga ila pale miguu ya anayeruka ilipogusa chini. Wimbo ulipovuta nilivuta nao, waliposita nilisita. Kina mama wa Kichagga waliacha masufuria wakaja kutazama. Nilifurahi waziwazi, bila kujifanya mnyenyekevu.

Tulipokuwa tunakusanya vyombo, kiongozi alikuja kunisifu. Hajawahi kusikia kitu kama kile, alisema. Kisha akainama kwenye kompyuta.

"Dada, hebu rudia yale mapigo tuyahifadhi humu. Siku ukiwa na udhuru, tunabonyeza tu."

Nilimwelewa kabisa. Nilichomoa waya kwenye saundi kadi, nikaukunja, nikaifunga kompyuta mbele ya pua yake.

"Kiongozi, ukiyataka, unaniita."

Akasema nisiwe mgumu, ni sauti tu. Nikamjibu kwamba sauti ina mwenyewe, na mwenyewe ana viganja viwili na hana kitufe.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na harusi. Alikuja nyumbani asubuhi, akasimama mlangoni, akauliza kama nitapiga. Nilimwambia abebe ile ngoma kubwa.