Fundi wa Namba Saba

Fundi wa kombaini wa shamba letu la ngano, hapa chini ya mlima Hanang, hagusi karatasi kabla ya kunawa mikono kwa mafuta ya taa, kisha sabuni, kisha kukagua kucha moja moja kama mtoto anayekwenda shule. Asubuhi ile aliingia ofisini kwangu akiwa ameshanawa, ili nimchapie fomu ya kwenda kusoma ng'ambo. Nilimtandazia vijitabu vya vyuo vya Uingereza, India na Kanada, vyote kwa Kiingereza. Mafundi wenzake waliopata nafasi hiyo walikuwa wamechagua kwa kutazama picha za maghorofa. Yeye alicheka, akatoka uani, akafuta vumbi kwenye kibati cha kombaini namba saba, mbovu tangu mavuno ya mwaka juzi, akasoma ilikotengenezwa.

"Kanada, dada Zita," alisema aliporudi. "Aliyeizaa ndiye anayejua inaumwa nini."

Nikamsomea swali la mwisho: ukihitimu, ungependa kufanya kazi wapi? Wenzake walijibu Dar es Salaam, na mmoja alijibu hukohuko ng'ambo. Fundi alichungulia dirishani, akatabasamu.

"Andika namba saba."