Ndege Iliyofika Juu Yetu

Wiki iliyopita nilikuwa kiwanja cha ndege cha Kilindoni kumpokea mgeni. Kando yangu alisimama mwanamume wa Miburani, hapa hapa kisiwani, akimsubiri dada yake kutoka Dar. Mama yao alikuwa amefariki alfajiri, na maiti ilikuwa imeshakoshwa na kukafiniwa. Dada alitaka kumwona uso tu kabla hajazikwa.

Ndege ikatokea, ikashuka huku imeinamisha bawa moja. Upepo ukaisukuma nje ya njia, ikapaa tena. Ikazunguka, ikajaribu mara ya pili, ikafika chini kabisa, kisha ikapaa na kurudi Dar.

"Mbona inaondoka?" yule ndugu akamuuliza mfanyakazi wa kiwanja.

"Upepo unapiga ubavuni, kaka. Kila ndege ina kiwango chake. Ukizidi, rubani haruhusiwi kutua."

"Mwambieni kuna msiba."

Mfanyakazi akainamisha kichwa. "Pole sana."

Baada ya kama nusu saa simu ya yule ndugu ikalia. Dada alikuwa ameshatua Dar. Sauti yake niliisikia hata mimi: "Nimeyaona mapaa ya kwetu, mdogo wangu. Msimcheleweshe mama. Mzikeni."

"Haya, dada," akajibu, akavua kofia na kujifutia uso.

Mtu mmoja nyuma yetu akanung'unika kwamba rubani ni mwoga. La hasha. Rubani aliwarudisha watu wote salama, na alifanya sawasawa. Katika safu hii huwa sikosi mtu wa kumlaumu. Safari hii nimemtafuta, sijampata.