Kupima Visogo Rejaf

Siku yangu ya kwanza kazini Sista Mkuu alinikabidhi filimbi na rosta ya ndoo, yaani karatasi inayoonyesha bweni gani linaoga saa ngapi. Nilikuwa nimerudi karibuni kutoka kambi ya wakimbizi Uganda, na umatroni katika shule ya wasichana kule Rejaf, kando ya mto karibu na Juba, niliuona bahati kubwa. Viatu vyangu vipya vilinibana, nikajikaza hivyo hivyo.

Ninyi matroni wa siku hizi mtacheka mkisikia ati Juba kuna baridi. Ipo. Mwezi wa kumi na mbili upepo wa kaskazini hushuka, msimu huo wenyeji wanauita shita, yaani kipupwe, na alfajiri Rejaf yote huwa ndani ya ukungu mwembamba unaotoka mtoni. Mpaka leo nikifumba macho naiona saa ile: wasichana wa mtihani wamejifunga leso, wamepanga foleni kimya kimya, mvuke unapanda taratibu mabegani mwa waliokwisha kuoga, na mto wenyewe bado hauonekani, unasikika tu. Nilipenda kusimama pale kuliko mahali popote.

Sista Mkuu aliamini kwamba maji baridi huukomaza mwili, mafua yasipate pa kuingia. Mimi niliamini kumzidi. Tulikuwa na kazi tuliyoiita kupima kisogo: msichana akitoka bafuni anainama, unamgusa nyuma ya shingo. Kikiwa baridi, ameoga. Kikiwa na joto, amekwepa, au amechemsha maji jikoni kwa siri, basi anarudi na ndoo ya pili. Walimu walisema mkono wangu haudanganyiki, na mimi nikavimba kichwa.

Poni alikuwa msichana mwembamba, mpole, mwenye macho ya njano kidogo. Wiki tatu mfululizo aliniomba maji ya moto. Nikamwambia hapa si hotelini.

"Mama, baridi inaniingia kwenye mifupa," alisema.

Nilimjibu kwamba mifupa yake ni kama ya wenzake. Wenzake wakacheka, kwa sababu mimi nilicheka.

Asubuhi moja nikamgusa kisogo, nikakuta kina joto. Akaapa kwamba ameoga. Kumbe alisema kweli, na lile joto lilikuwa la homa. Nikamrudisha na ndoo ya pili, nikasimama mlangoni mpaka akaimaliza. Kabla ya chai alikuwa sakafuni, ameshika mapaja, analia bila sauti.

Nilimbeba mgongoni hadi kwenye gari la shule, nikampakata njia nzima mpaka mjini. Daktari alisema ni sikoseli. Chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu, na mwili ukipigwa na baridi zinakwama kwenye mishipa. Akasema mgonjwa wa namna hii haogi maji baridi kabisa, na kwamba hawezi kuniahidi kitu. Siku mbili nilikaa kwenye benchi nikimwomba Mungu. Niliogopa kumpoteza yule mtoto, na sitaficha, niliogopa pia kupoteza kazi.

Siku ya tatu Poni aliomba uji. Mama yake alikuja kutoka mtaa wa Hai Malakal na kuku na mfuko wa karanga, akanishika mikono yote miwili.

"Shukran, mama. Umeniokolea mtoto."

Akanieleza kwamba aliuficha ugonjwa ili shule isimkatae binti yake. Poni alinitazama kutoka kitandani. Ndoo ya pili sikuitaja, nikapokea kuku.

Kwa Sista Mkuu nilieleza yote. Aligeukia dirishani.

"Sheria ilikuwa yangu," alisema. "Lakini mtoto aliongea na wewe."

Kuanzia hapo sufuria kubwa ilikaa motoni kila alfajiri, na kupima visogo kukaisha. Baadaye nilihamishiwa shule ya Buluk nikawa matroni mkuu. Kila msichana mpya nilimkalisha, nikamuuliza mwili wake ukoje, nikasikiliza mpaka amalize. Mimi mwenyewe naoga maji baridi hadi leo, nayapenda, yananiamsha. Lakini mafua yananipata kama yanavyompata jirani yangu anayechemsha maji, kwa hiyo sitawadanganya kuhusu kinga.

Siku ya kuniaga nikistaafu, mama yake Poni alisimama mbele ya wageni akasimulia jinsi nilivyombeba mwanawe mgongoni. Watu wakapiga makofi. Poni, mtu mzima sasa, alikuwa ameketi karibu naye akipiga makofi pia. Miaka yote ile hakuwa amemwambia mama yake. Nikasimama, na badala ya kushukuru nikaeleza habari ya ndoo ya pili, tangu mwanzo mpaka mwisho.

Mama yake alichukua mkoba wake akatoka. Hajanisalimia mpaka leo, na simlaumu. Poni alibaki, akavuta kiti chake karibu na changu, tukala.