Rimu za Kuruthumu hupimwa kwa watu

Saa tatu asubuhi, Gerezani. Jeki inashuka taratibu na Subaru ya bluu inagusa lami ikiwa na rimu nne mpya, pana, za rangi ya shaba. Wapita njia wanasimama kutazama. Mwenye gari, Gaudens, Mchaga muuza vyombo vya plastiki kwa jumla Kariakoo, anaizunguka, anaipiga picha, kisha anashika mlango aondoke zake.

"Subiri kwanza, Mangi," anasema Kuruthumu Uledi huku akifuta mikono. "Bado watu hawajakaa."

Anageuka na kuita majirani. Mwanne, mama lishe wa kona, anafunika sufuria ya maharage na kuja. Shaibu anaegesha mkokoteni wake, anatupia magunia ya mchele kwenye buti, kisha anajibana kiti cha nyuma na mpagazi mwenzake. Mwandishi wa makala haya, aliyekuja kuuliza maswali tu, anasukumwa katikati yao. Anaambiwa mwili wake unafaa kazi hiyo.

Hivyo ndivyo anavyouza rimu mwanamke huyu wa miaka 34. Gari halitoki kwake mpaka lijazwe.

Hakuanzia kwenye magari. Kwa miaka kadhaa aliuza viatu vya mitumba katika soko la Mchikichini, na somo lake alilipata huko.

"Mtu akijaribu kiatu amekaa, kinamwenea vizuri. Akisimama mguu unatanuka, akifika Buguruni anakulaani," anasema. "Na gari ni hivyo hivyo. Lijaribu likiwa na mzigo wake."

Binamu yake Fikirini ndiye aliyemwingiza kwenye biashara ya rimu kutoka Japani. Fikirini alipohamia Mwanza, Kuruthumu alibaki na jeki, mwavuli na kipande cha baraza mbele ya duka la watu. Siku hizi wateja wake ni wapenda mbio, na wanachokitaka ni rimu za kufuliwa.

"Rimu nyingi zinamiminwa, alumini inayeyushwa na kumwagwa kwenye kalibu," anaeleza. "Hizi zinafuliwa. Kipande kizima kinakandamizwa mpaka kinakuwa rimu. Ni nyepesi, gari linachomoka. Ukiingia shimoni inaweza kupinda, ila kupasuka si rahisi."

Desemba ndio msimu wenyewe. Wachaga wa Kariakoo hupanda Kilimanjaro kwa Krismasi, safari ambayo watani wao huiita kwenda kuhesabiwa, na hakuna anayependa kuhesabiwa akiwa na gari lililochoka. Gaudens husafiri kwa msafara na wenzake, na amewaambia wasinunue rimu popote hadi waone za kwake.

Kuruthumu analijua hilo, na hafichi linamaanisha nini kwake. Wenzake Gaudens wakija, atapata kodi ya kuanzia fremu ya duka aliyoahidiwa mtaa wa pili. Asipoipata kabla ya mwaka kwisha, fremu inakwenda kwa muuza simu.

Subaru inaondoka polepole. Kuruthumu anatembea kando yake, ameinama, macho kwenye tairi la nyuma. Kwenye tuta la kwanza kila mtu anasikia mkwaruzo mrefu. Tairi limesugua ukingo wa madigadi.

"Ni kidogo tu hiyo," anasema Gaudens. "Dada Kuru, mimi sibebi mama lishe kwenda Moshi."

"Na mimi siendi," anajibu Mwanne kutoka kiti cha mbele. "Kuna baridi."

Evelyn, mke wa Gaudens, aliyekuwa akisubiri kando ya barabara, anasogea dirishani. "Baba Brightness, mwaka jana tulienda na watoto wote na mama yako. Tukarudi na ndizi mpaka mapajani. Umesahau?"

Gaudens anatazama rimu zake za shaba kwa huruma. Hata hivyo, anazitaka. Anasema atapunguza mzigo, atakwenda polepole, apewe hizo hizo.

"Sikupi," anasema Kuruthumu. "Nimekosea mimi. Nilikuchagulia kwa kuangalia gari tupu. Hizi zinatokeza nje mno."

Anamletea nyingine, za kufuliwa pia, ila nyembamba na zinazoingia ndani zaidi. Ni za kijivu, hazina mbwembwe. Gaudens anazitazama, anauliza kama ni za mzee wa kanisa, kisha anaondoka na mkewe kwenda kunywa chai.

Kuruthumu anakaa juu ya tairi. Baadaye anakiri kwamba roho ilimuuma kweli kweli. "Niliona simu zimeshapangwa kwenye fremu yangu," anasema.

Chai inaisha. Gaudens anarudi, bado amenuna, na kusema neno moja: "Funga."

Watu wanakaa tena, mchele unarudi kwenye buti, Mwanne anadai dirisha lifunguliwe. Tuta la kwanza linapita bila sauti. La pili pia. Gaudens anarudi nyuma na kulipita la kwanza upya, kisha mara nyingine bila sababu yoyote, anacheka peke yake. Nje ya gari Kuruthumu anapiga makofi.

"Mzee wa kanisa anakimbia," anasema Gaudens akishuka.

Jumamosi inayofuata mwandishi anarudi Gerezani na kukuta mtaa umeziba. Magari manne yamepanga foleni, yamelala chini kwa uzito, na ndani yake kuna wake, watoto waliovalishwa nguo za kanisani, bibi mmoja mwenye kikapu na jogoo.

"Gaudens katuambia rimu za huku hupati bila familia," anasema dereva wa kwanza. "Tumekuja wote."

Kuruthumu anacheka mpaka anashika kiuno. Jumatatu atakwenda kulipia fremu, na ameshaamua atakachokiweka ndani kabla hata ya kupanga rimu.

"Mabenchi," anasema, huku akimsaidia bibi kushuka na jogoo wake. "Hawa watu watakaa wapi?"