Kichaka cha ming'oko Kitangari: mwaka mmoja wa kukitetea, na kosa langu la kuweka kibao

Wakuu, nawasalimu kwa heshima. Wakubwa shikamooni, wadogo pokeeni salamu zangu.

Haya nitakayoyaeleza yamenipata mimi mwenyewe, na sitaongeza chumvi. Tarehe nitakazozitaja nimezitoa kwenye daftari, si kichwani. Nilijifunza kusoma nikiwa na watoto wanne, nikafanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa tayari na mjukuu, na tangu hapo siku haipiti bila kuiandika. Mnisamehe kwa hilo, ni fahari yangu.

Mimi ni mzaliwa wa Masasi, niliolewa Kitangari, Newala. Mume wangu ni marehemu. Aliacha mikorosho, na nyuma ya mikorosho kuna kichaka cha kama ekari moja ambacho hakijafyekwa tangu niletwe hapa nikiwa bibi harusi.

Ndani ya kichaka hicho kuna ming'oko.

Kwa wasioifahamu: ni mizizi ya porini, minene kama vidole, inayochimbwa kiangazi. Mmea wake hutambaa juu ya miti midogo. Ukishakauka, unaufuata mpaka chini na hapo ndipo unapochimba. Tunaichemsha na chumvi, tunaimenya kwa vidole, tunakula na chai. Kiangazi, ukishuka kwenye basi huku kwetu, huchelewi kuikuta kwenye mabeseni ya akina mama.

Sasa nirudi kwenye mada.

Tarehe 2 Oktoba mwaka juzi, saa tatu asubuhi, alikuja shemeji yangu, Baba Twaha, mdogo wake marehemu. Kichaka kile waliachiwa wao wawili na mama yao, kwa hiyo ana haki ya kukisemea.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba, Baba Twaha. Karibu uketi."

Hakuketi. "Shemeji, pale nyuma pamelala bure. Nimepata miche ya mikorosho. Tufyeke, tuchome, mvua ikinyesha tupande."

Nilimpeleka shambani. Nilichota udongo chini ya mkorosho, pale tunapofagia na kuchoma majani kila mwaka ili korosho zikidondoka zionekane. Ulimwagika katikati ya vidole kama majivu. Kisha nikachota ndani ya kichaka. Ulikuwa mweusi, wa baridi, na ulishikamana kiganjani, ilhali mvua ya mwisho niliyoiandika ilinyesha tarehe 19 Aprili.

Wakuu, mnaijua nchi yetu ya huku juu. Mto hatuna, maji tunayafuata mbali, na Septemba upepo unabeba vumbi mpaka kwenye sufuria. Mahali panapotunza unyevu miezi mitano bila mvua si pa kuchezea.

Baba Twaha aliutazama udongo, akajifuta mikono. "Mzuri. Lakini udongo hauliwi, shemeji."

Tulikubaliana hivi: nipewe mpaka tarehe 30 Septemba ya mwaka unaofuata. Kichaka kikionyesha chakula ambacho nyumba inaweza kukitegemea, kitabaki. Kisipoonyesha, atakuja na watu wake wafyeke, nami sitatia neno.

Nikaingia kazini. Kichaka chenyewe kilikuwa kimechoka, kwa sababu wachimbaji wapita njia walikuwa wanang'oa kila kitu na kuacha mashimo wazi. Nilikusanya vichwa vya ming'oko, yaani pale shina linapoungana na mzizi. Mvua ya kwanza ya kueleweka ilinyesha tarehe 11 Desemba. Siku iliyofuata nilianza kuvifukia chini ya miti, nikajaza mashimo kwa majani makavu.

Februari mimea ilikuwa imepanda juu ya miti mpaka nikawa naingia kwa kuinama. Nilifurahi kama mtoto.

Hapo ndipo nilipokosea.

Tarehe 20 Mei nilisimamisha kibao, kwa herufi kubwa nilizozipima kwa rula: SHAMBA LA MING'OKO. MARUFUKU KUCHIMBA. Niliona kwa kuwa nimeipanda kwa mikono yangu, basi ni yangu.

Tarehe 7 Juni niliingia kichakani nikakuta mashimo kumi na mawili. Kila shimo lilikuwa tupu, kichwa hakipo, udongo umetupwa pembeni. Nililia, sitaficha. Ilikuwa imebaki miezi mitatu na ushee, na kwa mwendo ule tarehe 30 Septemba ningemwonyesha shemeji mashimo.

Asubuhi ya pili nilimkuta mchimbaji. Alikuwa Mama Hadija, jirani yangu, muuzaji wa ming'oko pale stendi. Alikuwa amekilaza kibao changu chini na kukikalia, anakung'uta udongo kwenye ming'oko.

"Karibu Madamu," akasema. Ndivyo wanavyoniita tangu nifanye ule mtihani, na si kwa kunisifu. "Kibao chako kizuri, hakichomi makalio."

"Mama Hadija, hukusoma kilichoandikwa?"

"Nimesoma. Niambie na mimi, tangu lini ming'oko ikawa na mwenyewe? Mama yangu kachimba hapa. Mama mkwe wako alikuwa anamwita waje wachimbe wote. Wewe umeizaa lini?"

"Nimeipanda Desemba! Na wewe unang'oa mpaka kichwa, mwakani utachimba nini?"

Akasema neno ambalo niliandika daftarini siku hiyo hiyo. "Kichwa narudisha pale ninapojua nitarudi. Umeniandikia marufuku. Kama mwakani sitakanyaga hapa, namrudishia nani?"

 

Wakuu, huku kwetu ming'oko ya porini ni ya anayeichimba, hata kama pori lina mwenyewe. Nililijua jambo hilo. Nilidhani kupanda kwangu kumelifuta, na kumbe nilichofanya ni kuwaambia wanawake wote wa mtaa wetu kwamba hii ndiyo mara yao ya mwisho. Nao wakachimba kama watu wa mara ya mwisho.

Nilimwomba Mama Hadija ainuke. Nikakichukua kibao, jioni nikakipasua kuni.

Tarehe 10 Juni tulikaa wanawake tisa barazani kwangu. Kila mmoja alipewa upande wake wa kichaka. Anachimba atakavyo, ila kichwa kinarudi shimoni, shimo linafukiwa na majani, na hakuna kuwasha moto ndani. Mimi nilibaki na upande kama wao. Mama Hadija akasema, "Na Madamu asituandikie tena kitu." Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Tangu siku hiyo sikukuta shimo wazi, isipokuwa mara moja, na aliyelichimba alisemwa na wenzake kabla mimi sijafungua mdomo.

Tarehe 30 Septemba Baba Twaha hakuchelewa. Alikuja na vijana wawili wenye mapanga. Nilikuwa nimeandaa sinia la ming'oko ya kuchemsha na maelezo yangu ya kurasa mbili.

Sikuyasoma. Kabla hatujafika kichakani, alitoka mke wake, Mama Twaha, beseni kichwani, vumbi mpaka kwenye kope.

"Afadhali umekuja, Baba Twaha. Nipokee, zito hili."

"Na wewe umo humo?"

"Tangu Juni. Mfuko wa unga uliisha Agosti, hukuuliza tunakula nini asubuhi. Ulidhani naokota njiani?"

Nyuma yake wakatoka wengine, mmoja mmoja, kila mtu na chake. Vijana wa mapanga wakaanza kuamkia, maana mmoja wao mama yake alikuwa humo.

 Baba Twaha akapokea beseni.

Sitadanganya kwamba nilipata kila nilichotaka. Aliomba ukanda wa mbele, kando ya njia, ambao ni nyasi zaidi kuliko miti, nikampa. Miche mingine aliipanda kwenye mapengo ya mikorosho iliyokufa. Kichaka chenyewe kimebaki, na mvua za msimu huu zimevichipusha vile vichwa vyote tulivyovirudisha, vyangu na vyao, siwezi tena kuvitofautisha.

Nilichojifunza ni hiki: nilitaka kuilinda ming'oko dhidi ya wanaoila, kumbe hao ndio walinzi pekee niliokuwa nao. Ningebaki peke yangu na daftari langu, kichaka kingekuwa majivu leo.

Nawakaribisha mchangie, hasa wa Tandahimba, Mnyambe na Masasi. Je, kwenu vichwa vinarudishwa shimoni au vinatupwa? Na kuna aliyefanikiwa kuotesha ming'oko chini ya mikorosho bila kufagia majani yote? Nataka kujaribu Desemba hii kwenye mistari miwili, na Baba Twaha ameshaniuliza mara mbili nitaanza lini.