Picha ya Hewa

Shangazi hakunywa chai ameketi hata siku moja. Kila asubuhi alisimama mlangoni mwa studio, kikombe mkononi, akiangalia mwanga unavyoingia. Mara anakwenda kulivuta pazia, mara anasogeza kiti cha wateja, mara anakirudisha kilipokuwa. Mama humwambia, "Wifi, hiyo chai unainywa au unaitembeza?" Anacheka, anapiga funda moja, huyo anaondoka tena.

Studio ilikuwa ya baba, chumba cha mbele cha nyumba yetu. Baba ni kaka yake mkubwa. Watu walimbatiza baba jina la Tulia, maana kila mteja akiketi mbele ya kamera lazima aambiwe, "Tulia, tulia hivyo hivyo." Kamera yenyewe ni ya mbao, kubwa kama kabati la vyombo, ina miguu mitatu na tumbo la ngozi linalojikunja. Ukitaka kuona unajifunika kitambaa cheusi, unatazama kioo cha nyuma, na humo mtu anaonekana kichwa chini miguu juu. Filamu yake si ya kuzungusha. Ni kipande kimoja kimoja, kila kimoja kinapakiwa gizani ndani ya kasha bapa, na kasha linachomekwa nyuma ya kamera.

Kazi ya shangazi ilikuwa chumba cha giza: kuzipitisha filamu kwenye dawa, kuziosha, kutoa picha. Ile harufu ya dawa haikumtoka mikononi hata akioga. Picha za harusi, za vitambulisho, za watu ambao sasa ni marehemu, zote zilipita vidoleni mwake. Kupiga, hakuwahi kupiga hata moja. Kila akiomba baba hujibu, "Utapiga. Haraka ya nini?" Ikafika mahali baba akipiga picha yeye anagonga vidole mezani, ta-ta-ta, mpaka wateja wanageuka.

Asubuhi moja akaja fundi cherehani, jirani yetu, kuchukua picha zake. Shangazi akaona hapo hapo amepata shahidi.

"Kaka, leo napiga mimi. Kama hutaki, sema mtu asikie."

Baba akacheka. "Makubwa! Haya, nipige mimi mwenyewe." Akaingia chumba cha giza, akatoka na kasha, akamkabidhi.

Fundi cherehani akavuta stuli. "Hii siikosi. Leo Tulia anatulizwa."

Shangazi akajifunika kitambaa. Ikabaki miguu yake tu, nayo inahama huku na huku. Akatoka, akamsogeza baba bega, akarudi kitambaani. Akatoka tena.

"Kaka, kidevu."

"Kimefanya nini?"

"Kimepanda. Kishushe. Na acha kumwangalia fundi."

"Ananichekesha!"

"Mimi? Nimekaa kimya kama sindano," akasema fundi cherehani.

Shangazi akafunga lenzi, akachomeka kasha, akavuta kifuniko chake. Akashika waya wa kufyatulia. Kachak! Akarudisha kifuniko, akachomoa kasha, akakimbilia chumba cha giza kama mtu aliyeacha mtoto kwenye maji.

Tukangoja kusikia bomba. Bomba halikufunguliwa. Badala yake mlango ukafunguliwa, ule mlango ambao mtu akiugusa tu shangazi humfokea. Alikuwa amesimama na kasha wazi mkononi.

"Hamna kitu humu."

Baba ana kasha tupu aliloliweka kwa ajili ya watoto wasumbufu. Anampiga mtoto picha nalo kwanza, mtoto akisikia kachak anaridhika, anaacha kuhangaika, ndipo anapigwa ya kweli. Yeye na shangazi huiita picha ya hewa.

"Umenipa hewa, kaka?"

"Si ulitaka kujifunza? Filamu zenyewe zimekuwa adimu, mdogo wangu. Angalau mkono umezoea."

Fundi cherehani alianza kucheka, akakimeza kicheko.

Shangazi akarudi gizani. Akatoka na kasha jingine, alilolipakia mwenyewe. "Rudi kitini."

"Wateja watakuja sasa hivi."

"Kaa, kaka."

Baba akakaa. Safari hii hakuambiwa habari ya kidevu wala bega. Hakujua mikono aiweke wapi, akaiacha magotini. Kachak.

Bomba likafunguliwa, likalia muda mrefu. Shangazi akatoka na filamu inachuruzika, akaibana kwenye kamba ya dirishani. Nyeupe ilikuwa nyeusi na nyeusi nyeupe, kama filamu zote, lakini baba alikuwemo mzima mzima, mpaka mikunjo ya paji la uso, anatazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lake kamili.

"Hapo umepatikana, Tulia," akasema fundi cherehani.

Baba akaitazama, akakohoa. "Imekaa vizuri. Basi, nitakuwa nakupa moja moja. Za vitambulisho kwanza. Tuone."

"Utakuwa unanipa."

"Ndiyo. Polepole tu."

Shangazi akanawa mikono kwa sabuni, akanawa tena. Akavua aproni, akachukua mkoba wake.

"Wifi, chakula kinaiva, unakwenda wapi?" mama akauliza kutoka ndani.

"Natoka kidogo."

Akampita baba, akampita fundi cherehani, akashika barabara. Baba alibaki dirishani, mgongo kwa mlango, akiigeuza ile filamu huku na huku kwenye mwanga. Alidhani amekwenda dukani. Sote tulidhani hivyo. Hakurudi.